GWS Giants na msimu mgumu wa 2013: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yafuatayo yanamlenga msomaji anayeijua soka vizuri lakini ambaye futiboli ya Australia ameiona kwa mbali tu, pengine kwenye runinga, pengine kwa watoto wa ndugu zake walioko Sydney au Melbourne. Yanahusu klabu moja, Greater Western Sydney, ijulikanayo kwa kifupi kama GWS au Giants, na hasa msimu wake wa pili katika ligi kuu, yaani wa mwaka 2013. Kwa idadi ya mechi ilizoshinda, huo ndio msimu mbovu kuliko yote ambayo klabu hiyo imewahi kupitia.

GWS ni klabu ya namna gani?

Ni klabu iliyozaliwa ofisini. Klabu kongwe za mchezo huu, kama Melbourne, Geelong au Carlton, zilianzishwa katika karne ya 19 na watu wa mitaa yao wenyewe, na ligi ikaja baadaye mwaka 1897. Kwa GWS mambo yalikwenda kinyume: AFL, yaani ligi kuu ya futiboli ya Australia, ndiyo iliyoamua kwamba magharibi ya Sydney pawe na timu, ikaiundia klabu rangi zake za chungwa na kijivu cha mkaa, ikaitafutia kocha, kisha ikaanza kuwatafuta mashabiki. Iliingia katika ligi mwaka 2012 ikiwa timu ya 18, mwaka mmoja baada ya Gold Coast Suns ya Queensland, ambayo nayo iliundwa kwa njia hiyo hiyo. Uwanja wake wa nyumbani uko katika eneo la michezo ya Olimpiki ya Sydney, na baadhi ya mechi zake za nyumbani huchezwa Canberra, kwenye uwanja wa Manuka, kwa makubaliano na serikali ya mji mkuu huo.

Kwa nini ligi ipeleke timu mahali ambapo watu hawakuiomba?

Kwa sababu ya fedha na idadi ya watu. Magharibi ya Sydney wakati huo ilikuwa na wakazi takribani milioni 2, wengi wao vijana na familia za wahamiaji, na karibu wote walikuwa mikononi mwa raga ya ligi, yaani klabu za Parramatta na Penrith, au mikononi mwa soka. Aidha, timu 18 huzaa mechi tisa kila wiki badala ya nane, na mechi moja ya ziada kila wiki ni bidhaa ya kuuzia vituo vya runinga. Mkataba wa haki za matangazo uliotangazwa mwaka 2011, wa misimu ya 2012 hadi 2016, ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola za Australia bilioni 1.25. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini viongozi wa ligi hawakutetereka sana pale timu yao changa ilipokuwa ikichapwa kila Jumamosi: matangazo yalikuwa yamekwisha kuuzwa, iwe timu imeshinda au imefungwa.

Nisaidieni kwanza: magoli huhesabiwaje, na kwa nini tofauti za matokeo ni kubwa hivyo?

Uwanja una umbo la yai, na kila timu huwa na wachezaji 18 ndani. Kila upande una milingoti minne isiyo na mwamba wala wavu. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati ni goli na huleta pointi 6. Ukipita pembeni yake, kabla ya mlingoti wa nje, huleta pointi 1. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa mfano 5.7 (37): magoli matano, alama saba za pembeni, jumla pointi 37. Mechi ina robo nne, na mchezaji wa kiungo anaweza kukimbia kilomita 12 au zaidi kabla ya king'ora cha mwisho.

Sehemu ya pili ya swali ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu mtazamaji wa soka huona timu imefungwa kwa tofauti ya pointi 100 akadhani wachezaji walilala uwanjani. Katika soka, timu iliyofungwa ndiyo inayoanza na mpira katikati, kwa hiyo angalau hupata nafasi ya kupumua. Katika futiboli ya Australia, baada ya goli mwamuzi huurusha mpira juu katikati ya duara (hadi 2025 aliudundisha). Warefu wawili huruka kuugombea, na viungo waliowazunguka huung'ang'ania unaposhuka. Timu iliyotoka kufunga inaweza kuutwaa tena pale pale, na sekunde 15 baadaye ikafunga jingine. Sasa tazama kijana wa miaka 19, bado mwembamba wa mabega, ameinama kuuokota mpira huo wenye umbo la yai huku mwanamume wa miaka 27 mwenye kilo 90 akimjia ubavuni. Akiuokota, ataangushwa, akiangushwa mpira ukiwa mikononi, anaweza kuadhibiwa kwa kutouachia, akiuachia ovyo, wapinzani wanaondoka nao. Timu ikizidiwa nguvu katika duara hilo, magoli matano huingia kabla kocha hajamaliza kutoa maagizo kwa simu.

Msimu wa 2013 ulikwendaje hasa?

Giants walicheza mechi 22, wakashinda moja na kupoteza 21. Walipoteza mechi 17 za mwanzo bila kukatisha, na ukijumlisha na mechi nne za mwisho za 2012 unapata vipigo 21 mfululizo. Walimaliza nafasi ya 18 kati ya timu 18 kwa mwaka wa pili, na pointi walizofungwa katika msimu mzima zilikaribia kuwa maradufu ya walizofunga.

Mwaka uliotangulia walikuwa wameshinda mbili. Walianza tarehe 24 Machi 2012 dhidi ya jirani zao Sydney Swans, wakalala kwa 37 dhidi ya 100. Wakapata ushindi wao wa kwanza mwezi Mei huko Canberra dhidi ya Gold Coast, wenzao kwa uchanga. Kisha mwezi Agosti wakaishangaza Port Adelaide, matokeo yaliyomgharimu kibarua chake kocha wa Port Adelaide, Matthew Primus. Kwa hiyo wengi walitarajia kwamba 2013 ingeleta ushindi mara nne au tano. Hesabu ikarudi nyuma.

Iweje timu iliyopewa chipukizi bora wa nchi nzima izidi kudidimia?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi.

Katika AFL klabu hazisajili chipukizi kwa kupandishiana bei. Kila mwisho wa mwaka hufanyika mgao: vijana waliofikisha umri huorodheshwa, na klabu huchagua kwa zamu, ile iliyoburuza mkia ikitangulia. Ili kuisaidia GWS kuanza, ligi iliipa upendeleo mkubwa. Kwanza iliruhusiwa kuchukua vijana kadhaa wa miaka 17 kabla ya mgao wa kawaida, na kwa njia hiyo ikawapata Jeremy Cameron, Dylan Shiel na Adam Treloar. Kisha katika mgao wa 2011 ilichagua wachezaji 11 kati ya 14 wa mwanzo, akiwemo Jonathon Patton aliyekuwa wa kwanza kabisa, Stephen Coniglio wa pili, na Toby Greene wa 11. Mwaka 2012 ikamchukua Lachie Whitfield, tena kwa zamu ya kwanza. Isitoshe, ilipewa orodha ndefu kuliko ya klabu nyingine na nafasi zaidi katika kikomo cha mishahara.

Vipaji hivyo havikuwa vya kubahatisha. Greene alitangazwa mchezaji bora wa klabu mwaka 2012, katika msimu wake wa kwanza. Cameron alifunga magoli 62 mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 20, ndani ya timu iliyoshinda mechi moja, akateuliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Mshambuliaji anayefunga magoli 62 huku mpira ukimfikia kwa nadra kiasi hicho anastahili kuangaliwa mara mbili.

Kilichokosekana ni watu wazima. Mwaka 2012 klabu ilikuwa imewaleta wazee wanne wa kazi: Luke Power aliyetwaa ubingwa mara tatu na Brisbane, James McDonald aliyewahi kuwa nahodha wa Melbourne, na Chad Cornes na Dean Brogan waliokuwa mabingwa wa 2004 na Port Adelaide. Kazi yao ilikuwa kucheza kidogo na kufundisha sana: namna ya kula, ya kulala, ya kujitupa mahali mwili unapogongana na mwili. Kufikia msimu wa 2013 watatu kati yao walikuwa wamestaafu kucheza. Waliobaki kubeba mzigo walikuwa manahodha wawili, Callan Ward aliyetoka Western Bulldogs na Phil Davis aliyetoka Adelaide, ambao wenyewe walikuwa na miaka 22 hivi, pamoja na Tom Scully, ambaye Giants walimtoa Melbourne kwa fedha nyingi akiwa na misimu miwili tu ya ligi kuu. Katika klabu iliyokomaa, watu wa umri huo ndio kwanza wanajifunza. Hapa walikuwa ndio wazee wa kikao. Majeraha nayo hayakuwahurumia, kwani Patton aliumia goti vibaya mwaka huo huo.

Kwa maoni yangu ligi ilikosea hapo, na si katika kuianzisha timu. Iligawa vipaji kwa ukarimu lakini haikuhakikisha kwamba kuna wanaume wa miaka 26 hadi 29 wa kutosha kuwakinga vijana hao wakati miili yao inakomaa. Umri huo ndio uti wa mgongo wa timu yoyote ya futiboli ya Australia, na haupatikani kwenye mgao wa chipukizi.

Kocha alikuwa nani, na kwa nini hakufukuzwa?

Kevin Sheedy. Katika futiboli ya Australia jina hilo lina uzito: aliifundisha Essendon kwa misimu 27, kuanzia 1981 hadi 2007, na kutwaa ubingwa mara nne, mwaka 1984, 1985, 1993 na 2000. Alipokubali kazi ya GWS alikuwa amevuka miaka 60, na kila mtu alijua kwamba hakuajiriwa ili kushinda. Aliajiriwa ili azungumze. Sheedy anaweza kusimama mbele ya kamera na kugeuza kipigo cha pointi 90 kuwa hadithi ya wanafunzi wa shule waliothubutu, na magazeti ya Sydney, ambayo kwa kawaida yasingetoa hata robo ukurasa, yakaandika. Msaidizi wake hadi mwisho wa 2012, Mark Williams, alikuwa kocha bingwa wa 2004 na Port Adelaide, na ndiye aliyejulikana kwa mazoezi ya vitendo. Mpango wa kumkabidhi Leon Cameron timu kuanzia 2014 ulikwisha kupangwa, kwa hiyo Sheedy aliondoka kwa heshima mwisho wa 2013.

Je, walishushwa daraja?

Hapana. AFL haina kushuka wala kupanda daraja. Timu ya mwisho hubaki, na juu ya hayo hutangulia kuchagua chipukizi. Mfumo huu una lawama yake, kwani timu inayoona msimu umeharibika inaweza kushawishika kutojitahidi sana, ila kwa Giants shutuma hiyo haina msingi: hawakuwa na uwezo wa kushinda hata walipotaka.

Ushindi wao mmoja waliupata kwa nani?

Kwa Melbourne, mapema Agosti 2013, nyumbani, kwa tofauti ya pointi 37. Melbourne ni miongoni mwa klabu kongwe kabisa duniani katika aina yoyote ya futiboli. Wanachama wake ndio walioandika kanuni za kwanza za mchezo huu mwaka 1859. Mwaka huo nao walikuwa hoi, wamekwisha kumtimua kocha wao Mark Neeld katikati ya msimu, na miaka miwili nyuma walikuwa wamempoteza Scully akaenda kwa hao hao Giants.

Kuna desturi katika ligi hii ambayo mgeni huipenda mara aionapo. Timu iliyoshinda huingia chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji hushikana mabega kwa duara na kuimba wimbo wa klabu kwa sauti ya juu kabisa, na yule aliyeshinda kwa mara ya kwanza husukumwa katikati na kumwagiwa vinywaji hadi aloane chapachapa. Wimbo huimbwa baada ya ushindi tu. Wachezaji wa Giants waliuimba mara moja mwaka mzima, na waliosukumwa katikati siku hiyo walijaa.

Watu wa magharibi ya Sydney waliwapokea vipi?

Kwa ubaridi. Uwanja unaochukua takribani watu 24,000 ulikuwa na mechi kadhaa ambazo watazamaji hawakufika hata 10,000. Ligi ilikuwa imejaribu njia ya mkato kwa kumnunua Israel Folau, nyota wa raga ya ligi, kwa fedha nyingi mno ili awavute mashabiki wa raga. Alicheza mechi 13 mwaka 2012, hakuonekana kuuzoea mchezo, na mwaka 2013 akawa katika timu ya taifa ya raga ya Australia akifunga dhidi ya Lions kutoka Uingereza na Ireland. Fedha ile ingetosha kuwalipa wachezaji watatu wakomavu.

Kibaya zaidi, mwaka ule ule wa 2012 ilianzishwa klabu ya soka katika eneo hilo hilo, Western Sydney Wanderers, na katika msimu wake wa kwanza ikaongoza msimamo wa ligi ya Australia, kisha mwaka 2014 ikatwaa ubingwa wa klabu za Asia. Wanderers walikuta watu waliokwisha kuupenda mchezo wao, Wakroeshia, Waitalia, Walebanoni, watu wa Amerika Kusini na wa Afrika, wakawapa tu jezi. Giants walilazimika kuwafundisha watu mchezo kabla ya kuwaomba wanunue tiketi.

Je, hii ndiyo timu mbovu kuliko zote katika historia ya ligi?

La. Timu ya University ilipoteza mechi 51 mfululizo kabla ya kujiondoa mwisho wa 1914. Hata Sydney Swans, ambao leo hutajwa kama mfano wa klabu iliyoendeshwa vizuri, walipoteza 26 mfululizo kati ya 1992 na 1993, miaka kumi hivi baada ya kuhamishwa kutoka South Melbourne. Vipigo 21 ni vingi, lakini si rekodi.

Nini kilibadilika baada ya 2013?

Walinunua watu wazima. Katika kipindi cha kubadilishana wachezaji, klabu iliwaleta beki Heath Shaw wa Collingwood, aliyekwisha kutwaa ubingwa mwaka 2010, na Shane Mumford, mtu mkubwa na mzito wa duara la katikati, kutoka kwa Swans, bingwa wa 2012. Ilibidi kuwatoa vijana, akiwemo Taylor Adams aliyekwenda Collingwood. Pia ilikuwa imevumishwa kwa miezi kwamba Lance Franklin, mshambuliaji aliyetafutwa kuliko wote nchini, angehamia Giants. Badala yake alisaini na Swans kwa miaka tisa na dola milioni 10.

Raundi ya kwanza ya 2014 ikawakutanisha Giants na Swans wenye Franklin. Giants wakashinda kwa pointi 32, na Mumford alikuwa katikati ya duara akiwagonga wenzake wa jana. Mwaka huo walishinda sita, 2015 wakashinda 11, na 2016 wakafika mechi ya kuamua nani aingie fainali kuu, wakapoteza kwa pointi 6 tu mbele ya Western Bulldogs. Mmoja wa Bulldogs hao alikuwa Tom Boyd, chaguo la kwanza la mgao wa 2013, tunda la msimu ule wa ushindi mmoja, ambaye aliwaacha Giants baada ya mwaka mmoja, na wiki moja baada ya mechi hiyo akawa bingwa. Mwaka 2019 Giants walifika fainali kuu, wakafungwa na Richmond kwa pointi 89. Ubingwa wa ligi hawajauona bado.

Mbona Gold Coast Suns hawakuinuka kwa kasi hiyo?

Suns walianza na Gary Ablett, mchezaji bora wa kizazi chake, wakashinda mechi tatu mwaka 2011, moja zaidi ya walizoshinda Giants mwaka wao wa kwanza. Hata hivyo waliingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Vijana wao waliondoka kwa wingi zaidi, na Ablett alipoumia bega mwaka 2014 timu ilipoteza mhimili wake. Giants nao wamewapoteza wengi, lakini walibaki na kundi la kutosha lililoapa kukaa pamoja.

Je, mchezo huu una uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, kupitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya. Aliir Aliir, beki aliyechaguliwa na Sydney Swans mwishoni mwa 2013 na ambaye baadaye alihamia Port Adelaide, alizaliwa Kakuma kwa wazazi wa Sudan Kusini. Akec Makur Chuot aliyeishi kambi hiyo hiyo utotoni alicheza ligi ya wanawake akiwa na Fremantle na kisha Richmond.

Wachezaji wa msimu ule wako wapi sasa?

Cameron alihamia Geelong mwisho wa 2020 na akatwaa ubingwa huko mwaka 2022. Shiel alikwenda Essendon, Treloar akaenda Collingwood na baadaye Western Bulldogs. Davis alistaafu 2023, na Ward akafuata 2025 baada ya goti kumsaliti. Greene alibaki, na ndiye aliyekabidhiwa unahodha. Coniglio na Whitfield nao walibaki naye.